Mpagazi wa Ghala la Sufi

Shule yetu ilikuwa ndani ya ghala la zamani la sufi huko Temeke, kando ya barabara ya mchanga inayoshuka kwenda Mtoni. Sufi yenyewe ilikwisha kuhamishwa kabla hatujafika, lakini mabaki yake yalikuwa yameng'ang'ania kwenye boriti, na kila upepo ulipoingia yalishuka polepole juu ya vichwa vya watoto, juu ya vibao vyao vya kuandikia na juu ya uji. Mzazi aliyekuja mchana kumchukua mwanawe alimkuta ameota mvi.

Hapo ndipo nilipopangiwa kazi yangu ya kwanza nilipotoka chuo cha ualimu. Wenzangu walipelekwa kwenye shule za serikali zenye madawati na bendera. Mimi nikapelekwa kwa watoto ambao shule hizo zilikuwa zimewarudisha nyumbani. Wengine walikuwa hawaoni, wengine miguu yao haikuwa na nguvu, wengine walisikia kwa shida, na wengine walikuwa wazima kabisa ila mambo yaliwaingia taratibu kuliko walimu wa kwingine walivyoweza kuvumilia. Nilijiuliza sana kama nimepewa adhabu au heshima. Kwa kuwa sikupata jibu, na kwa kuwa niliogopa kuchelewa, nilifika kazini siku moja kabla ya ile niliyotakiwa, nikakuta mlango umefungwa.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama wa Kiyao kutoka Masasi, mjane, aliyefundisha wasichana huko kusini kabla ya kuhamia pwani. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka na kitu chochote. Kanisa la karibu lilitoa ghala, wazazi walitoa unga na kuni, watu wa msikitini walichimba kisima, na yeye alitoa mambo mengine yote.

Siku yetu ilianza kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni kuwa kengele. Aliyekigonga alikuwa kijana asiyeona, naye hakuhitaji saa. Alingoja baiskeli ya muuza mikate ipite ikielekea Keko, kisha akagonga. Watoto walikuja wawili wawili. Aliyekuwa na macho alimwongoza aliyekuwa na miguu, na mara nyingi mwenye miguu ndiye aliyembeba mwenye macho mgongoni, wakigombana njia nzima kuhusu mashimo. Tukakagua kucha na meno. Tukanywa uji. Halafu kabla ya hesabu, kabla ya herufi ambazo watoto waliziandika kwa kidole kwenye sinia za mchanga, kabla ya kusuka ukili na kupalilia mihogo, tulikuwa na kipindi ambacho sikuwahi kukisikia chuoni. Kiliitwa habari za njiani.

Kila mtoto alisimama na kusema jambo moja alilolikuta njiani asubuhi hiyo. Asiyeona alisema alichonusa. Asiyesikia vizuri alisema alichokiona, na wakati mwingine alikiigiza. Hakuna aliyerukwa. Mtoto akikosa la kusema, Mwalimu Mkuu alingoja. Hakumhimiza, hakumsaidia neno, hakutazama pembeni. Alingoja mpaka mimi niliyekaa nyuma nikaanza kutokwa jasho kwa niaba ya mtoto, kisha akasema kwa upole, "Tumekusikia. Kaa."

Nilimuuliza siku moja, baada ya kuipima sana lugha yangu nisije nikaonekana mjuaji, kwamba tumesikia nini ikiwa mtoto hajasema. Akaniambia kwamba nami nikingoja vya kutosha nitasikia.

Aliyengojwa kuliko wote alikuwa msichana wa Kizaramo, mtoto wa upande wa Yombo, aliyelelewa na bibi yake. Msichana huyu hakuwa na kasoro mwilini. Aliandika mchangani vizuri kuliko wenzake, na ukimwekea kokwa za korosho alitoa na kujumlisha kabla hujamaliza kuuliza. Ila hakusema. Bibi yake aliapa kwamba nyumbani anasema mpaka anachosha, lakini akivuka kizingiti cha uani mdomo unafungwa. Majirani walimwita bubu. Shule ya kwanza ilimchapa ili aseme, na tangu hapo mambo yalizidi.

Kila mwisho wa mwaka mkaguzi wa elimu alikuja kuwapima wale walio tayari kuingia darasa la tatu la shule ya kawaida. Sharti lilikuwa moja: mtoto asome kwa sauti, isipokuwa asiyeona, na kujibu kwa mdomo mbele ya mgeni. Aliyeshindwa aliruhusiwa kurudia mwaka uliofuata, na akishindwa tena alirudishwa nyumbani, kwa sababu waliokuwa wakingoja nafasi walikuwa wengi. Mwaka uliopita, kabla sijafika, msichana huyu alisimama mbele ya wakaguzi na hakutoa sauti. Sasa alibakiwa na nafasi moja. Baada ya hapo ni kurudi Yombo kuchota maji na kungoja kuolewa.

Nilimchukua kuwa jukumu langu, yaani nilimchukua kuwa wasiwasi wangu. Nilimwimbia. Nilimletea picha. Nilijifanya nimekosea hesabu ili anisahihishe. Alinisahihisha kwa kidole. Nikirudi chumbani kwangu Chang'ombe nilijiuliza kama namsaidia au namtesa, na kesho yake nilipunguza bidii, halafu nikajilaumu kwa uvivu.

Wakati wa masika, bibi yake alimleta mwenyewe kwa sababu maji yalikuwa yamekata njia. Alikuwa mwembamba, mwenye kanga iliyolowa mpaka magotini na macho yaliyotazama kila kitu kama anakipangia bei. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora. Akauliza kabila. Nikasema Mnyamwezi.

Uso wake ulibadilika. Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, tena kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Mpagazi wangu, kumbe umefika," alisema. "Na tai umevaa. Mzigo umeutua kwa nani?"

Nilisema samahani. Sikujua naombea nini samahani, lakini ndilo neno lililokuwa karibu. Yeye akauchukua mwavuli wangu uliokuwa umeegemea ukutani, akaufungua humo humo ndani, akasema kwamba huu sasa ni wake, akatoka nao mvuani. Mjukuu wake alibaki mlangoni akinitazama.

Nilimfuata bibi mbio. Nilimsimamisha kwenye matope, nikamweleza kwa adabu zote nilizofundishwa kwamba kama nimemkosea anisamehe, kwamba mimi ni mgeni, na kwamba mwavuli ule naomba anirudishie kwa kuwa sina mwingine. Kicheko alichokuwa nacho usoni kilizimika kama taa iliyopulizwa. Aliufunga mwavuli polepole, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha posa, akaondoka bila kuniaga. Kesho yake alifika tena, akampa mkono Mwalimu Mkuu, akampa mkono mpishi, na mimi akanipita kama nguzo.

Nililifikiria jambo hili kwa siku kadhaa. Niliona wazi kwamba bibi alikuwa amepata habari za uwezo wangu mdogo, na kwamba neno mpagazi lilikuwa na maana kwamba kazi inayonifaa si ualimu. Mwishowe nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamweleza yote, nikamwambia kwamba kama itasaidia niko tayari kuhamishwa.

Alicheka mpaka akatafuta gunia la kukalia. Aliponiona sicheki, alijifuta macho na kuniuliza kama kweli mimi ni Mnyamwezi au nimejiandikisha tu.

Nilimweleza kwamba baba yangu ni katekista, na kwamba yeye aliona utani ni mambo ya watu wa ngoma, akanipeleka bweni nikiwa bado mdogo. Nilijua kwamba watani wapo. Niliwahi kuwaona kwenye misiba wakimzuia maiti asizikwe mpaka wapewe chochote. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Wazaramo ni wangu.

Basi akaniambia. Kwamba tangu zamani za misafara, babu zetu waliposhuka na mizigo kichwani, walipita kwa Wazaramo kabla ya kuiona bahari. Walichokozana, wakazoeana, na tangu hapo kila mmoja ana ruhusa kwa mwenzake. "Mtani akichukua kitu chako hajakuibia," alisema. "Amekusalimia. Na wewe ukamwomba radhi. Yule mama amekwenda nyumbani akasema Mnyamwezi wa shule amemkataa."

Nilimuuliza sasa nifanye nini. Akasema nikachukue kitu chake.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Mimi nilijiandaa. Nilitunga tusi, nikalipunguza ukali, nikaliona limekuwa salamu, nikaliongeza tena. Nilifikiria kitu gani kinachukulika bila kumtia hasara bibi. Nilijisemea maneno njia nzima kutoka Chang'ombe, mwenye duka akadhani namwita. Siku ile bibi alipokuja na pakacha lake la nazi kuelekea sokoni, akalitua mlangoni ili amfunge mjukuu wake kanga, nilijikaza nikainama nikatoa nazi moja. Kisha nikasimama wima na kumweleza kwamba Wazaramo wameacha kilimo kwa sababu ya kupenda ngoma, kwamba hata mnazi wanaungoja uangushe nazi wenyewe, na kwamba kwa hiyo mimi, nikiwa mtu wa kazi, nimeonelea vema kuichukua nazi hii isije ikaozea mikononi mwao.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza hotuba?" aliuliza. "Au nikuletee maji ya kunywa?"

Ndipo kitu kikasikika chini ya kiwiko chake. Kilianza kama kikohozi. Mpishi aliacha kukoroga. Kijana wa kengele aligeuza kichwa chake, akauliza ni nani huyo, kwa sababu alizijua sauti zote za shule ile na hii hakuwa nayo. Msichana alikuwa anacheka. Alijiziba mdomo kwa kanga ya bibi yake, mabega yakawa yanaruka, na kicheko kikapita hapo hapo kwenye kanga.

Hakuna aliyemsemesha. Mwalimu Mkuu alitukataza kwa macho. Kesho yake, zamu yake ya habari za njiani ilipofika, alisimama kama kawaida. Tukangoja. Sufi ilishuka juu yetu. Nilikwisha kuanza kutazama midomo ya Mwalimu Mkuu nikitarajia yale maneno yake, mara msichana akaninyooshea kidole.

"Mpagazi kaiba nazi yetu," alisema.

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, yenye mikwaruzo kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Papo hapo mimi nilikuwa na mawazo mengi kuliko inavyofaa: kwamba huu ndio ushindi niliokuwa nautafuta, kwamba mwalimu ameitwa mpagazi na mwizi mbele ya darasa, kwamba chuoni tulifundishwa nidhamu kwanza, kwamba nikicheka watazoea na nikikemea atanyamaza milele. Nilimtazama Mwalimu Mkuu. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja, vile vile alivyowangoja watoto.

Nikasema, "Nazi yenyewe ilikuwa mbovu."

"Mbovu, na umeila," msichana akajibu, akakaa.

Watoto walipiga makofi mpaka kuku wa mpishi wakakimbia.

Kuanzia siku hiyo nilipewa cheo kipya. Mwalimu Mkuu aliweka kanuni kwamba utani una saa yake. Katika habari za njiani mimi ni mpagazi, na kengele ya hesabu ikigongwa mimi ni mwalimu tena. Msichana aliishika kanuni hiyo vizuri kuliko mimi. Kila asubuhi alikuja na jipya. Aliwapasha wenzake kwamba ameniona barabarani natembea nimeinamisha kichwa, natafuta mzigo niliouangusha. Alisema viatu vyangu ni vipya kwa sababu navivaa mikononi. Nami nikajifunza kujibu, mwanzoni kwa maneno niliyoyaandaa tangu jana, baadaye kwa yale yaliyokuja yenyewe. Bibi yake aliniibia sahani, leso na siku moja kiti, na mimi nikamnyang'anya mihogo.

Kutoka kwenye utani tukaingia kwenye hesabu, na hilo alilileta mwenyewe. Nilikuwa nimeweka kokwa mezani niwaulize kutoa, yeye akasema kwa mdomo, wala si kwa kidole, kwamba wapagazi saba waliondoka Tabora, wawili wakalala njiani kwa uvivu, waliofika pwani ni wangapi. Darasa zima lilijibu. Tangu hapo darasa letu lilifanya hesabu za msafara. Kijana wa kengele aligawanya mizigo. Mtoto mmoja aliyekuwa amekwama kwenye kujumlisha tangu mwaka jana alifunguka pale tulipompa kazi ya kuhesabu wapagazi waliokimbia. Hata kusoma, nilimwandikia msichana sentensi za kunitukana, naye akazisoma kwa sauti, kwa raha, akirudia zile zilizompendeza.

Lakini alisema na mimi tu. Mpishi akimuuliza neno, mdomo ulifungwa. Akija mgeni, ulifungwa hata kwangu. Miezi ilikwenda, na siku ya ukaguzi ikasogea, nami nikaanza tena kukosa hamu ya kula. Kwa kanuni za ukaguzi, mwalimu wa darasa hakuruhusiwa kumwuliza mtoto wake wala kumwambia neno lolote. Anayeuliza ni mkaguzi msaidizi, Mwafrika. Mkaguzi mwenyewe, Mzungu, hukaa pembeni na kutazama. Nikajipa tumaini kwamba huenda msaidizi atakuwa Mnyamwezi, au walau Msukuma. Nilipoulizia nikaambiwa ni Mhaya wa Bukoba. Nilimtafuta mzee mmoja wa posta anayejua mambo ya makabila, nikamuuliza kama kuna utani wowote kati ya Wahaya na Wazaramo, hata wa mbali. Alifikiri, akasema hapana, tena akaniuliza kama nataka kuoa.

Mwalimu Mkuu nilipomweleza alisema tumemlisha, tumemfundisha, tumemngoja. Tutamngoja na siku hiyo.

Wakaguzi walikuja kwa gari asubuhi, wakati watoto wanaosha vikombe. Dereva aliingiza sanduku kubwa la mbao lenye vitabu na vifaa vyao, akaliweka karibu na meza, akaenda zake kutafuta chai. Mzungu alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka sana. Msaidizi wake alikuwa kijana mtanashati, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inakata. Aliniambia kwa heshima lakini bila tabasamu kwamba nitakaa nyuma, nisimsemeshe mtoto yeyote. Nikaahidi.

Watoto wengine waliopimwa walifanya vizuri. Kijana wa kengele alisema jedwali zote bila kukosea, na Mzungu akamshika mkono. Wazazi na jamaa walikuwa wamejaa dirishani, na bibi yule alikuwa wa mbele, amejishika kidevu.

Msichana aliitwa mwisho. Alisimama mahali alipoonyeshwa. Msaidizi alimfungulia kitabu, akamwambia asome kuanzia juu.

Akanyamaza.

Msaidizi alirudia kwa upole. Alimuuliza jina. Alimuuliza kwao wapi. Msichana alitazama kitabu kama mtu anayetazama kisima. Nilijua kwamba anaikumbuka siku ile ya mwaka jana, na kwamba nami naikumbuka ingawa sikuwapo. Msaidizi akageuka kumtazama Mzungu. Mwalimu Mkuu akasema kwamba sisi hapa huwa tunangoja, anaomba tungoje. Wakangoja, na ninawashukuru kwa hilo mpaka leo, kwa kuwa hawakulazimika. Lakini kungoja kwao hakukuwa kama kwetu. Mzungu alitazama mlangoni. Mwishowe akasema kwa huzuni kwamba basi, na kwamba dereva aitwe aje achukue sanduku.

Dereva hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa na hakika ya jambo moja tu: nimekatazwa kusema, sijakatazwa kubeba.

Niliinuka, nikalishika lile sanduku, nikalipandisha mpaka begani, na kutoka begani nikalitupia kichwani. Lilikuwa zito kuliko nilivyolidhania. Nilikuwa sijabeba kitu kichwani tangu utoto wangu, na tai ilinikaba. Nilichukua hatua moja, sanduku likalala kushoto, nikalifuata kushoto. Likalala kulia, nikalifuata. Hivyo ndivyo nilivyopita katikati ya ghala, mbele ya serikali na wazazi, mpaka nikafika mbele ya msichana, na hapo nikasimama kwa sababu nisingeweza kwenda mbele zaidi.

Aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Alinitazama viatuni. Akanitazama juu.

"Mpagazi," alisema. "Tua. Shingo ikivunjika, mie nitasomeshwa na nani?"

Dirishani palilipuka kicheko. Msaidizi alishtuka. Mimi sikujibu, maana niliahidi. Msichana alingoja jibu lake, kama tulivyozoeana, na lilipochelewa alikunja uso.

"Leo umekuwa bubu wewe?"

"Mimi ndiye niliyemkataza kusema," msaidizi alisema.

Msichana alimgeukia. Nililiona jambo hili kutoka chini ya sanduku, shingo yangu ikiwa imezama mabegani, na sijaona jambo zuri zaidi katika kazi yangu. Alimtazama usoni mtu asiyemjua, asiye mtani wake, mtu wa Bukoba mwenye kaptula ya kukata, akamuuliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka usome," alisema msaidizi. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa, na nilimpenda hapo hapo.

Msichana aliupima mzigo kwa macho. Akanipima na mimi. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Nianze hapa, au hapa?"

"Hapa."

Akasoma. Mwanzoni alisoma haraka, kwa kunihurumia. Ilikuwa habari ya mkulima na ng'ombe wake, haina utani wowote ndani yake, na aliisoma bila kunitazama. Alipogeuza ukurasa alipunguza mwendo. Alikwisha kuonja. Akaanza kuyapa maneno nafasi, akampa mkulima sauti yake na ng'ombe sauti yake, na alipofika mwisho wa sehemu aliyoagizwa akaendelea, na hakuna aliyetaka kumzuia isipokuwa shingo yangu, ambayo haikuruhusiwa kusema. Msaidizi alimuuliza hesabu ya machungwa. Akajibu. Akamuuliza ya vitambaa. Akajibu, akamwambia na namna alivyoipata. Mzungu aliuliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, mwalimu amefanya kosa gani hata asimamishwe na sanduku kichwani. Na msichana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema, akamjibu kwamba hana kosa, Bwana, ni kazi ya kwao.

Hapo Mwalimu Mkuu alikuja akanisaidia kulitua.

Mzungu na msaidizi walizungumza kidogo. Msaidizi akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika dirishani kwamba mtoto huyu amefaulu, na mwezi wa Januari ataingia darasa la tatu. Bibi alipiga kigelegele kilichowafanya watoto wasiosikia vizuri wageuke. Wanawake wengine wakakipokea. Mwalimu Mkuu alitoka nje kidogo, nami nilijua ni kwa nini, kwa sababu nami nilikuwa najifanya nafuta jasho.

Januari tulimpeleka, bibi na mimi. Shule ile ilikuwa mpya, ya matofali, na darasa la tatu lilikuwa limejaa. Nilimfikiria njia nzima, nikayapanga yote yanayoweza kuharibika: kwamba mwalimu wao atakuwa mkali, kwamba nikiondoka mdomo utafungwa, kwamba ilinipasa nimtafutie Mnyamwezi mmoja katika darasa lile. Mwalimu alimwonyesha benchi la dirishani. Juu yake alikuwa amekaa msichana mwingine, mnene, mwenye maringo, ameitandaza sketi yake mpaka mwisho wa benchi, na hakuonyesha dalili ya kuikunja. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilivuta pumzi nikataka kuingia niseme neno. Bibi alinishika mkono wa shati.

Msichana wetu alimtazama yule mwenzake, ambaye hakumjua kwa jina wala kwa kabila.

"Sogea," alimwambia, "nami nikae."

Yule akasogea.